Kambi ya chungu kimoja

Najua nimepotea sana. Mitihani ilitubana kweli kweli, ila juzi nimeweka kalamu chini kwenye karatasi ya mwisho, na sasa nina siku chache za kupumua kabla sijaenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Leo naandika habari za kula. Siyo kula kwa hotelini, hapana. Nazungumzia haya tunayopika sisi wasichana wanne kwenye geto letu hapa Tabora, kwa jiko moja la mkaa na mtungi mdogo wa gesi ambao sijui kwa nini huwa unaisha siku tukiwa na wageni.

Kwanza nianze na neno moja: posho. Siku hizi ukisema posho watu wanawaza wabunge, wanawaza semina, bahasha na kusaini karatasi. Sisi wanachuo tuna neno letu, boom, na boom likitoka utaona mji mzima umechangamka, chipsi mayai zinanuka mpaka kwenye maktaba. Lakini mimi nasoma ualimu wa Historia na Kiswahili, na nikisoma habari za misafara ya zamani nakutana na posho kwa maana yake ya kale: chakula cha mpagazi cha siku moja. Alikuwa anapewa kibaba kimoja cha nafaka, ambacho ni chini kidogo ya kilo, au anapewa kitambaa na shanga akajinunulie mwenyewe vijijini. Kibaba ndicho hichohicho cha haba na haba. Mshahara ulikuwa kitu kingine. Posho ilikuwa ni uhai wa leo.

Na Tabora ndiyo ilikuwa tumbo la njia ile. Kutoka Bagamoyo unapanda mpaka hapa Unyanyembe, halafu njia inagawanyika, mmoja anaelekea Ujiji ziwani, mwingine anaelekea kaskazini kwenye Ziwa Victoria na Buganda. Burton na Speke walipofika hapa tarehe 7 Novemba 1857 walikuwa wametembea siku 134 tangu pwani. Siku 134 jamani! Leo ukipanda basi alfajiri Dar unalala Tabora. Sasa darasani biashara ile tunaifundisha kwa pembe za ndovu, watumwa, bunduki na merikani, mwanafunzi anakariri pointi sita anaondoka. Na ni haki tuwataje waliopita wakiwa na minyororo shingoni, kwa sababu njia ile siyo ya kupamba. Ila sijawahi kusikia mtu ameuliza darasani wale watu wote walikuwa wanakula nini, na nani alikuwa anapika.

Nimeanza kuliwaza swali hilo kwa sababu ya chumba chetu. Mimi ni wa hapahapa, kwetu ni kijijini Uyui. Mwenzangu mmoja ametoka Kigoma, Ujiji kabisa. Mwingine ametoka Bagamoyo, sisi tunamwita Mpwani. Yaani ni msafara mzima umelala kwenye vitanda viwili vya kupandiana. Wa nne ni wa Mbeya, huyo hayumo kwenye njia yetu hii ya misafara, kazi yake ni kutukumbusha kila siku kwamba mchele wa Kyela hauna mpinzani.

Basi bwana, mwaka ulipoanza tukagundua Mpwani hali. Mkopo hakupata. Baba yake ni mvuvi, ada inakuja kwa mafungu kutokana na bahari ilivyoamka. Na yeye ni mtu wa heshima zake. Ukipakua anasema, "Nimeshiba, nimekula njiani." Sufuria haijafunuliwa yeye kashashiba! Njia gani hiyo yenye chakula kila siku? Tulijua, kwa sababu tulikuwa tunaona maganda ya karanga kwenye daftari zake. Chakula chake cha siku kilikuwa pakiti moja ya karanga na maji.

Wa Mbeya, ambaye ana kichwa cha hesabu, akashauri tuchange pamoja halafu tuandike kwenye daftari nani katoa nini, ili asiwepo wa kujiona anabebwa. Wa Kigoma akakataa. Alisema daftari likiingia jikoni chakula kinageuka deni, na mwenye deni halali. Mimi nikawaambia nilichosoma, kwamba wapagazi hawakuwa wanakula kila mtu na chake. Walijigawa vikundi vidogo vidogo kambini, huyu anatafuta kuni, huyu maji, huyu anasonga, wanakula pamoja. Kwa hiyo tukaamua geto letu liwe kambi. Mwenye hela atoe hela, mwenye kitu kutoka nyumbani alete kitu, mwenye mikono alete mikono. Hakuna kuandika.

Mpwani akatusikiliza, akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nipeni jembe." Tukampa mwiko.

Hiyo ilikuwa Novemba, na Novemba ya Tabora ni joto la kuchemsha ubongo mpaka mvua ya kwanza ipige. Sisi huku mvua ni msimu mmoja, zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili. Na mvua ya kwanza ikinyesha jioni, wanatoka kumbikumbi. Tulizima taa za ndani tukaacha ya nje, chini tukaweka beseni la maji. Mpwani alikimbilia kitandani akajifunika shuka. Kesho yake tuliwaanika, tukawatoa mbawa, tukawakaanga bila mafuta maana mafuta wanayo wenyewe, chumvi kidogo tu. Aliomba mmoja, akafumba macho. Halafu akaomba kiganja kizima. Tangu siku hiyo hakusema tena kwamba ameshiba.

Desemba ni maembe. Kama hujafika Tabora, elewa kwamba mji huu umekaa chini ya miembe. Wazee wanasema mbegu zililetwa na wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka pwani, ndiyo maana miembe mikubwa inaifuata njia ya zamani. Zikija siku zake embe halina bei, unaokota. Hapo ndipo Mpwani alipotuonyesha kwamba mwiko tuliompa haukupotea. Wa Kigoma alikuwa ametumiwa dagaa na kidumu cha mawese kwa treni. Mpwani akachukua wale dagaa, akatoa vichwa, akawaosha kwa maji ya moto na kuwakausha. Akakaanga kitunguu kwenye mawese mpaka kikalainika, akaweka nyanya, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, dagaa, halafu akakata embe bichi vipande akatupia na maji kikombe kimoja. Akafunika. Kwao embe bichi wanatilia kwenye mchuzi wa samaki ili upate ukali, mimi sikuwahi kuona. Embe lilipolainika akaepua, tukala na ugali wa dona. Hakuna aliyeongea. Bagamoyo, Ujiji na Tabora kwenye sufuria moja, na wa Mbeya akaisafisha kwa tonge la mwisho bila kusema habari ya Kyela.

Baada ya hapo nilirudi kumsoma Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone. Alifika Unyanyembe Juni 1871, na ameandika jinsi Waarabu matajiri wa hapa walivyokuwa wanaletewa kutoka pwani chai, kahawa, sukari na viungo. Hayo yamehifadhiwa vizuri kwenye kitabu. Ila vile vitu vilipanda mpaka hapa mabegani mwa watu wa kibaba kimoja kwa siku. Siku hizi nikitia sukari kwenye chai huwa nakumbuka.

Januari mpaka Machi ndiyo miezi migumu. Mkulima yeyote wa huku anakwambia: shamba limepandwa, ghala limebaki vumbi, unga unapanda bei kila ukienda gengeni. Na boom la kwanza ni historia. Lakini Mungu wa ajabu, miezi hiyohiyo ya njaa ndiyo miezi ya uyoga. Msitu wa miombo ukiloa, uyoga unatoka, na kina mama wanaupanga barabarani kwenye ndoo na sado. Sisi tunanunua kwa mama mmoja tuliyemzoea, maana bibi yangu alishanipa sheria: uyoga usioujua hata uwe mzuri namna gani, uache uzeeke msituni. Unauosha maji manne maana mchanga wake hauishi. Unauchemsha, unaweka kitunguu na chumvi, halafu karanga zilizotwangwa. Moto uwe mdogo na mkono usitoke kwenye mwiko, kwa sababu karanga zikishika chini umekwisha. Mtu asiyejua atasema ni nyama. Tulipokosa hela ya uyoga tulikula mlenda na majani ya kunde. Hatukufa.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja, basi kambi nzima ikafunga, kila mtu kwa dini yake. Jioni tulikuwa tunamsubiri Mpwani pamoja, tunafungua kwa uji wa ulezi na viazi. Na ni katika mwezi huo ndipo alipotuambia anataka kuahirisha mwaka.

Hakulia. Alisema tu kama mtu anayetaja ratiba ya basi. Ada ya muhula wa pili ilikuwa haijatimia, na bila kufika kiwango fulani huingii chumba cha mtihani. Baba yake alikuwa ameuza mashine ya boti, na yeye akasema hawezi kusoma kwa mashine ya boti. Arudi nyumbani, akae mwaka, atafute kazi. Sisi tunaosoma ualimu tunajua mwaka mmoja wa kukaa nyumbani kwa msichana unavyoweza kuwa mwaka wa kutorudi. Nilikuwa nawajua wawili waliokwenda hivyo.

Hakuna kati yetu aliyekuwa na hela ya ada yake. Tulichokuwa nacho ni kikaango chake cha vitumbua chenye vishimo saba, alichokuja nacho kutoka kwao na kilikuwa kinakaa uvunguni. Wa Kigoma akakivuta akakiweka mezani. Mpwani akacheka, akasema vitumbua vinataka nazi, na nazi mpaka ifike Tabora imeshakuwa na bei ya kuku. Nikamwambia huku kwetu nazi yetu ni karanga. Akasema hiyo ni dhambi. Usiku huohuo tukaloweka mchele.

Tulikosea mara mbili, vikatoka vigumu kama kokwa. Mara ya tatu akapata kipimo: karanga mbichi zimenyewe, zitwangwe laini, zikamuliwe kwa maji ya uvuguvugu na kuchujwa kwenye kitambaa, tui litoke zito. Unga wa mchele, sukari, hamira, iliki, usiku mzima uumuke. Saa kumi alfajiri moto unawashwa. Tuligawana zamu, mmoja anapepea mkaa, mmoja anachota, mmoja anageuza, mmoja analala kwa sababu kesho zamu yake. Saa moja kasoro ndoo ipo kwenye mlango wa hosteli na vimekwisha kabla ya kipindi cha kwanza. Watu wakaviita "vya karanga". Mfungo ulipoisha tukaongeza ndoo ya pili.

Sitawadanganya kwamba vitumbua vilimaliza ada. Havikumaliza. Vilifikisha kiwango cha kuingia kwenye mtihani, basi, na siku alipopewa kibali cha mtihani alikitazama pande zote mbili kama mtu anayekagua noti bandia. Deni lililobaki liko palepale.

Aprili mvua zikapungua, na mtu aliyekaa na njaa ya Februari ndiye anayejua utamu wa Aprili. Mahindi mabichi ya kuchoma kila kona. Maboga. Karanga mpya za kuchemsha na maganda yake, unakaa barazani na kitabu cha saikolojia ya elimu, mkono mmoja unafungua kurasa mkono mwingine unafungua karanga. Kama kuna raha kubwa kuliko hiyo kwa bei hiyo sijaiona.

Na sasa ni Julai, kipupwe. Asubuhi Tabora inang'ata, unatamani kuoga unaahirisha. Miezi hii ndiyo asali mpya inaingia mjini kutoka kwenye mizinga ya msituni, nyeusi nyeusi na harufu ya moshi, tunatia kwenye uji badala ya sukari. Na zamani miezi hiihii, nafaka ikishavunwa, ndipo vijana wa Kinyamwezi walipokuwa wanafunga mizigo kuelekea pwani, wakijitahidi kuwahi kurudi kupanda. Kumbe hata msafara ulifuata jiko. Huwezi kutembea miezi mitatu kabla ghala halijajaa.

Mwezi uliopita nilikwenda na Mpwani kwa bibi. Tulipitia Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Mpwani akazunguka, akasikiliza maelezo yote, halafu akauliza swali moja tu: "Sasa hapa walikuwa wanapikia wapi?" Nikasema huyu atakuwa mwalimu.

Kijijini tukamkuta bibi anaandaa matobolwa. Viazi vitamu vinachemshwa na maganda, vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa kwenye jua la kipupwe siku kadhaa mpaka viwe vigumu kama vijiti. Vikikatwa vibichi vikaanikwa hivyohivyo, hiyo ni michembe. Tobolwa unalitafuna kavu na chai, linaanza kama mbao linaishia kama halua. Mpwani alipiga goti akasalimia "Mwangaluka" vizuri kabisa, nilikuwa nimemfundisha njia nzima. Bibi akampa kisu. Walikata viazi mpaka jua likazama, bibi anamsimulia njaa alizoziona na vyakula vilivyowavusha, Mpwani anamsimulia pweza anavyopigwa mawe mpaka alainike. Bibi hakuamini habari ya pweza mpaka leo.

Wakati wa kuondoka alimjazia mfuko. Mpwani akaanza, "Bibi, hii ni nyingi mno, nitakulipa..." Bibi akamkata: "Mjukuu wangu, umekata viazi kutwa nzima. Nani anamlipa nani?" Niliona uso wake ulivyobadilika. Nikafikiri, miezi yote hii tumekuwa tunajaribu kumwambia neno hilo.

Wiki ijayo kambi inavunjwa kwa muda. Wa Kigoma anafundisha kwao, wa Mbeya kwao, mimi nimepata sekondari moja huku wilayani. Mpwani anashuka Bagamoyo na mfuko wa matobolwa na kidumu cha asali, atakula njiani, safari hii kweli. Atafundisha karibu na nyumbani, na kikaango kinakwenda naye kwa sababu jioni ataendelea kukaanga. Kama Novemba atarudi au hatarudi, hesabu bado haijakaa sawa. Tumelipia geto mpaka mwisho wa mwaka na kitanda chake hatujampa mtu.

Na mimi nimeshaandika andalio la somo langu la kwanza, kidato cha pili, misafara ya bara. Zana za kufundishia: ramani, kipande cha kitambaa, na kopo la mtama la ujazo wa kibaba. Nitalimwaga mezani niwaulize: hii ni yako ya leo, na una mzigo wa kilo thelathini begani mpaka jua lizame. Utaipika na nani?

Haya, mkaa umeshika na viazi vyangu viko kwenye majivu. Kwenu huko kipupwe hiki mnakula nini? Baki salama.